Rimoti ya Chumba cha Bibi

Nasra mwanangu,

Kama unaisoma barua hii basi umeshasikia baridi, umefungua begi dogo ukatoa sweta, na mkono wa kushoto umegoma kupita. Ndimo nilimoitia. Nilitaka uikute ukiwa umeshapanda mlima wa Kitonga, maana nakujua. Ungeikuta Kibaha ungemwambia dereva asimame, ukashuka na mabegi yako, na adhuhuri ungekuwa umerudi hapa ghorofa ya nne unahema, unaniambia, "Mama, nimeghairi." Ulishaghairi kazi ya Mwanza. Hii ya Mbeya hutaghairi, labda niwe nimekufa.

Sasa hivi ni jioni, umekwenda kuwaaga wenzako Msimbazi. Bibi ameshakula. Mimi nimekaa mezani na kalamu ya dukani inayokata wino kila mstari wa tatu. Sitakuandikia habari ya kula vizuri wala ya kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na siku hizi mwenye kutoa maagizo humu ndani ni wewe. Ukuta wote umeujaza. Nikiingia chumbani kwa Bibi nakutana na karatasi: MAMA, AC IWE 26. Pembeni yake nyingine: MAMA, PAZIA LIFUNGWE SAA SITA, JUA HALIJAGEUKA. Mlangoni: MAMA, CHUJIO LIOSHWE KILA JUMAMOSI. Juu ya mita ya luku nako umebandika. Mama, Mama, Mama. Jamani, anayeondoka ndiye huachiwa wasia, mimi nabaki nyumbani kwangu na ndiye niliyeachiwa!

Na hiyo AC yenyewe mpya, wallahi imenichosha. Ile ya zamani ilikuwa chombo, unaiwasha inawaka, unaizima inazima. Hii inawaka bila mtu. Juzi niko chumbani namkanda Bibi mguu, nimefungua dirisha makusudi apate hewa ya Mungu kidogo, mara tii! Kitu kimewaka juu ya kichwa changu. Haijapita dakika mbili simu inaita. Wewe, uko Posta kwenye foleni.

"Mama, mbona chumba kina thelathini na mbili? Umefungua dirisha?"

"Shikamoo kwanza," nikakwambia.

Ukacheka. "Shikamoo Mama. Funga dirisha."

Kha! Nimekuzaa mwenyewe, leo unanisoma joto la nyumba yangu ukiwa Posta, na kuanzia kesho utanisoma ukiwa Mbeya umejifunika blanketi. Nimekasirika wiki tatu nzima, tangu fundi alipokuja kuifunga. Tumegombana kwa pazia, tumegombana kwa chujio, tumegombana mpaka kwa kitambaa nilichoiwekea isishike vumbi. Ulimwambia Mama Glory wa chini kwamba mama yako ana kisirani na mashine. Alinihadithia mwenyewe, akicheka.

Sina kisirani na mashine, Nasra. Kila ikilia tii nakumbuka kwa nini uliinunua, kwa pesa ya kibarua chako chote, na nashindwa kukutazama usoni. Hasira zote unazoziona ni za hapo. Sasa nisikilize.

Unaujua huu mkono wangu. Miaka ishirini na mbili nauza vifungo na zipu Kariakoo, na kila nikifunga duka mkono unakwenda wenyewe: feni, taa, plagi ya birika, mwisho swichi kubwa. Halafu kufuli, nalivuta mara mbili. Wenye maduka wote tuko hivyo, kwa kuogopa moto. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyefunga biashara jioni akakuta jivu asubuhi kwa sababu ya waya mmoja. Mkono huo huo wa dukani nilikuja nao nyumbani. Nikitoka nazima kila kitu. Na vitu vidogo vidogo navifungia kwenye kabati la vyombo: mkasi mzuri, tochi, kadi za hospitali, na rimoti ya AC ndani ya nailoni yake. Ufunguo kwenye pochi. Ulikuwa unanicheka, "Mama, rimoti imevaa vizuri kuliko mimi."

Ulichokuwa hukijui ni hiki. Siku ile ya mwaka jana, mwezi wa pili, siku ya mtihani wako, hukubonyeza rimoti mara mbili kama ulivyotuambia. Uliwasha. Nilikuona kwa macho yangu haya. Ulibonyeza mara moja, ikalia mara moja, ukaweka rimoti kitandani karibu na mto, ukambusu Bibi mkono, ukatoka mbio kiatu kimoja hakijafungwa.

AC ya Bibi nilizima mimi.

Nimeandika, basi. Mwaka mzima sentensi hiyo imenikaa kooni, na kumbe ni maneno matano tu.

Baada ya wewe kutoka nilibaki namlisha Bibi uji. Hakutaka. Unajua alivyokuwa akigoma, anakaza mdomo upande ule mzima na upande uliopigwa na kiharusi unafuata kwa kuchelewa. Nikamsihi. Akausukuma mkono wangu, uji wote ukamwagika kwenye gauni nililotoka kulipiga pasi. Simu inaita, mteja wa jumla kutoka Songea yuko mlangoni mwa duka na gari lake linaondoka saa nne. Nikasema maneno. Sitayaandika, lakini hayakuwa maneno ya kumwambia mama wa mume wangu. Nikabadili gauni, nikashika pochi, na mkono ukaanza safari yake. Feni ya sebuleni. Taa ya jikoni. AC. Rimoti kwenye nailoni, nailoni kabatini, ufunguo kwenye pochi.

Bibi aliniona. Aliinua mkono wake wa kushoto akanyoosha juu, akasema, "Hiyo. Hiyo."

Nikadhani anataka uji. Nikamwambia, "Umeukataa mwenyewe," nikafunga mlango.

Nikikuambia ni mkono tu nitakuwa nakudanganya tena. Mkono ulikwenda, ndiyo. Lakini hasira ndiyo iliyonizuia kugeuka nikaangalia anaonyesha nini. Hatua mbili tu, Nasra. Ningerudi hatua mbili.

Nilijua unarudi saa saba, kama kawaida yako. Hukurudi, maana mtihani ulikuwa wa mchana pia, na ulinieleza hilo usiku uliopita nikiwa nahesabu zipu, nikaitikia bila kusikia. Kwa hiyo Bibi alikaa mle ndani mpaka saa tisa. Juu yetu slabu tupu inayopikwa na jua tangu asubuhi. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC, na kwa ajili ya zile spika za barabarani zinazomnadia mtu sidiria tangu alfajiri. Hawezi kusimama. Kuita alikuwa anaweza kidogo. Mama Glory alisema baadaye alisikia kitu kama mtu anagonga ukuta, akadhani ni mafundi wa ghorofa ya jirani.

Ulinipigia nikiwa dukani. "Mama, Bibi hasemi, mwili wake unaunguza. Tumemshusha kwa kiti mimi na Mama Glory, tuko kwenye bajaji. Njoo hospitali, ulete kadi yake."

Nilikimbia kutoka dukani mpaka nyumbani bila viatu, sandali moja ilikatika nikaitupa nyingine. Nikafungua kabati nitoe kadi. Rimoti iko juu ya kadi. Hapo ndipo nikajua.

Sikukaa chini nikapanga. Ningepanga labda ningeona aibu. Niliitoa kwenye nailoni, nikaenda chumbani, nikaiweka kitandani karibu na mto, pale pale ulipoiacha wewe. Halafu nikachukua kadi nikateremka ngazi nikilia, na kilio kilikuwa cha kweli.

Yaliyofuata ulikuwepo. Jioni ulirudi nyumbani kuchukua khanga za Bibi, ukarudi wodini umevimba macho. Shangazi yako Mwajuma ameshafika kutoka Bagamoyo, amesimama mlangoni anauliza kila anayepita nani amemwacha mama yake kwenye tanuri. Na wewe ukasema mbele yetu sote, "Ni mimi. Nimekuta rimoti kitandani. Nilikuwa na haraka ya mtihani, nadhani nilibonyeza mara mbili, ikawaka ikazima."

Shangazi akakupandia. "Chuo chote hicho unachosoma, kuwasha AC tu kumekushinda?"

Nami nikasema nini? Unakumbuka? Nikasema, "Wifi, mwache, ni mtoto."

Nilikutetea! Nilikutetea kwa kosa langu mwenyewe, na watu wakaniona mama mwema. Muuguzi alinishika bega. Nikikumbuka bega hilo natamani kupiga kichwa ukutani.

Niliogopa, ndiyo sababu. Baba yako alipofariki, upande wao walishasema Bibi akibaki kwangu atakufa kwa kukosa matunzo, wakitaka arudi Bagamoyo. Nilikataa mimi. Nilisema mama wa mume wangu ni mama yangu, atakaa hapa. Nilitamba. Sasa nikiri kwamba nimemzimia AC nikamfungia rimoti? Nani angeniuliza habari ya mkono wa dukani? Wangesema nilitaka kummaliza. Wewe wangekusema siku tatu wakasahau, hivyo nilidhani. Shangazi hajasahau mpaka leo. Na wewe hukuwa mtu wa siku tatu.

Bibi alirudi nyumbani akiwa hai, alhamdulillahi, lakini yale maneno yake machache aliyaacha hospitali. Alikuwa na "maji," na "hiyo," na jina lako. Sasa ana sauti tu. Wewe ukaanza kuamka alfajiri kumgusa paji la uso. Ukaacha kwenda harusi za wenzako mchana. Barua ya Mwanza ilipokuja uliikunja, ukaniambia, "Siwezi kumwacha Bibi, Mama. Nilishamwacha mara moja." Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua mchele.

Nilijiambia nitakueleza Bibi akitoka hospitali. Akatoka. Nikasema basi siku ya Idi, moyo ukiwa mkunjufu. Siku ya Idi nikaanza, "Nasra, kuhusu ile siku," ukanishika mkono ukasema, "Mama, ahsante hujawahi kunilaumu." Kwa jibu hilo nikaahirisha tena miezi minne. Usidhani nakulaumu. Najilaumu mimi niliyeona umenishukuru, nikanyamaza, nikakutilia pilau. Kila nilipoahirisha, kesho yake ilikuwa ngumu zaidi kuliko jana, na mwishoni nikawa nagombana na kitambaa cha AC. Nikikununia kwa ajili ya pazia nilikuwa nakwepa kukuomba radhi. Ukiwa na watoto wako siku moja, ukaona unawafokea mno kwa jambo dogo, jiulize unawaficha nini. Mimi sikujiuliza.

Mwezi uliopita ilipokuja hii barua ya Mbeya, ya maabara ya maji, ulikaa nayo siku mbili ukaniambia utakwenda, lakini kwanza lazima ununue AC ya kuendeshwa kwa simu. Nikajua maana yake. Unakwenda huku umejifunga kamba, mwisho mmoja kwenye kitanda cha Bibi. Utakuwa mbele ya wakubwa wako wa kazi, unachungulia simu chini ya meza kuona kama nyumbani ni ishirini na sita au thelathini. Kamba hiyo niliifunga mimi, na ni juu yangu kuifungua.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, uone siandiki maneno matupu.

Ulipotoka tu nilimpigia Shangazi Mwajuma. Nikamsalimia, nikamwambia, "Wifi, ile AC ya mama nilizima mimi. Nasra aliwasha. Mimi nikazima, nikafungia rimoti kabatini, halafu nikairudisha kitandani msijue."

Nikadhani simu imekata.

"Unasema mwaka mzima nimemnunia mtoto wa kaka yangu, na wewe unaniangalia?"

"Ndiyo, wifi."

"Mtoto kaja kwangu Idi kaniamkia, sikumwitikia vizuri, na wewe unaniangalia?"

"Ndiyo."

"Nakuja kesho," akasema, akakata. Sijui anakuja kunifokea mbele ya ghorofa nzima au anakuja kukaa na mama yake. Yote mawili ana haki. Aje. Kesho ukishaondoka nitamtandikia chumba chako, na mchana Mama Glory atakuwa anapanda kumtazama Bibi mpaka nirudi kutoka dukani. Kwa hiyo hata akija kunitukana, atatukana huku tumekaa watatu, mimi, yeye na Bibi.

Nikamaliza simu nikaingia kwa Bibi. Huyo sikuwa na la kumweleza. Yeye ndiye shahidi, amejua siku zote, kila ulipomwomba radhi ukimlilia mkononi alikuwa anajua na hana neno la kukuambia. Nilidhani anatoa sauti kwa maumivu. Leo nimefikiri upya. Nadhani alikuwa anakuambia.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikasema, "Mama, nisamehe." Hakunipa dalili yoyote, na sikustahili dalili.

Halafu nikatazama rimoti iko kwenye kile kimfuko ulichogongomea ukutani, mbali, asije akaiangusha. Nikaona sisi wawili ni wajinga. Mimi niliifungia kwa ufunguo. Wewe umeihamishia kwenye simu yako. Tumegombana wiki tatu nani aendeshe hewa ya chumba hiki, na mwenye chumba ana mkono mmoja mzima, wala hakuna kati yetu aliyewahi kumpa rimoti.

Nikaitoa. Nikachukua utepe mwekundu wa dukani, ule mpana, nikaifunga kwenye ubao wa kitanda upande wake wa kushoto. Kile kitufe cha kuwashia nikakibandikia kijiduara cha utepe huo huo akione. Nikaushika mkono wake nikamwekea kidole. Akabonyeza. Tii. Ikawaka. Akanitazama. Akabonyeza tena, ikazima. Akawasha. Akazima. Nasra, aliwasha na kuzima mara saba, fundi angekuwepo angelia. Nilitaka kumwambia ataiharibu, nikajiziba mdomo kwa khanga. Usiku ukiniuliza utepe ni wa nini, nitakuambia utaelewa njiani.

Karatasi zako za ukutani nitazibandua kesho ukishaondoka. Ile ya 26 nitaiacha.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo. Ni wa kabati la vyombo, ndio huo mmoja tu, hauna mwenzake. Vitu nimeshavitoa na kabati liko wazi. Ukaufukie huko Mbeya, au uutupe dirishani hapo ulipo, nisiuone tena.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ukitaka kukaa wiki bila kunipigia, kaa, sitakusumbua, ingawa itaniuma na nitakaa na simu mkononi dukani kama mwehu. Hutakiwi kunisamehe kwa sababu umebakisha saa chache za safari na uko karibu na dirisha. Ninachokuomba ni kimoja. Usishuke. Hukumwacha Bibi, hukuwahi kumwacha. Uliondoka asubuhi ile ukiwa umemwashia, na leo pia umeondoka hivyo hivyo.

Na simu yako iko hapo pajani, najua. Mchana huu huku kwetu jua limeshageukia dirisha la Bibi. Ukiona kwenye hiyo app yako AC imewaka, na si wewe uliyeiwasha, usinipigie kuniuliza. Mimi niko dukani. Ni yeye.

Mama yako